Vijana wa Gereji, Jihadharini na Gesi ya Baridi

Vijana wengi wa vijijini huenda mjini kujifunza ufundi wa magari. Ni kazi njema, yenye riziki ya halali. Lakini magari mengi ya siku hizi yana kiyoyozi, na ndani ya mabomba yake imefungwa gesi ya hatari. Wazazi, wasomeeni vijana wenu maneno haya.

Gesi hiyo imeshindiliwa kwa nguvu. Ile iitwayo R-134a huchemka hata katika baridi ya digrii 26 chini ya sifuri. Ikitoka tu, huvuta joto la kitu inachokigusa. Fundi akilegeza nati kabla ya kuitoa, humrukia. Ikimpata machoni yaweza kumpofusha. Ikimpata mkononi, ngozi hufa kama iliyoungua. Tena ni nzito kuliko hewa: hutuama katika shimo la gereji, na mtu aliyemo hukosa pumzi. Ikikutana na moto hutoa sumu kali.

Basi ifanyweje?

Kwanza, vaa miwani ya kazi na glavu, ufanye kazi penye upepo, mbali na moto wo wote.

Pili, soma kibandiko chini ya boneti ujue ni gesi gani. Magari mapya mengine yana R-1234yf, ambayo huweza kushika moto. Usizichanganye.

Tatu, gesi ya zamani ivutwe kwa mashine iingie mtungini, isiachiwe hewani. Kilo moja ya R-134a huipasha dunia joto zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya mkaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalipatana mjini Kigali kuzipunguza gesi za namna hiyo.

Nne, usipime mvujo kwa kujaza upepo wa kompresa. Ukichanganyika na gesi waweza kulipuka. Tumia naitrojeni yenye kidhibiti, na povu la sabuni.

Tano, gesi mpya ipimwe kwa mizani, isizidi kipimo cha kibandiko.

Baya kuliko yote ni kutia gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Kiyoyozi kitapoza kweli, lakini bomba likivuja, cheche moja yaweza kuwateketeza mwenye gari na watoto wake. Amri ya tano haikuandikwa kwa wenye mapanga tu. Fundi asiye na vyombo aseme bila haya, "Mzee, hii siiwezi, mpelekee mwenye mashine." Atakosa ujira wa siku moja, lakini macho yake na roho za watu zitasalimika.