Mimba Huonekana, Ahadi Haionekani

Babati hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya uchumba sugu. Kijana na binti wameelewana, wazee wamekutana, ng'ombe kadhaa wa mahari wametoka na wengine bado. Watoto wanazaliwa, na kanisani wawili hao hawashiriki meza ya Bwana mpaka wabariki ndoa. Ndiyo maana tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, iliyochezwa mbele ya Mfalme James Desemba 1604, haina ugeni hapa.

Ndani yake Claudio na Juliet wamepeana ahadi ya ndoa, ila hawajaitangaza kwa sababu mahari, ambayo Uingereza ilitoka upande wa mwanamke, ingali mikononi mwa ndugu za Juliet. Juliet anashika mimba. Angelo, kaimu mtawala wa Vienna, anafufua sheria iliyolala na kumhukumu Claudio kifo.

Kwa kanuni za kanisa za wakati ule, mwanamume na mwanamke wakitamkiana kwamba tangu sasa ni mume na mke, ndoa ilishika hata bila padri. Lakini kanisa hilohilo liliwaadhibu wakilala pamoja kabla ya kuifunga kanisani. Mkanganyiko huo ulidumu mpaka sheria ya 1753. Shakespeare aliujua kwake mwenyewe: alioa Novemba 1582, mtoto akabatizwa Mei 1583. Mwaka 1616 mkwewe, Thomas Quiney, alihukumiwa na mahakama ya kanisa kusimama kanisani Jumapili tatu amevaa shuka jeupe, kwa kumpa mimba Margaret Wheeler. Quiney alitoa shilingi 5, akaepushwa na aibu hiyo ya hadharani. Margaret alikuwa ameshafariki katika uzazi, yeye na mtoto.

Aibu humfuata yule ambaye tumbo lake linaonekana. Huku kwetu, Wairaqw wa zamani walikuwa na metimani: binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitengwa, kwa hofu kwamba angeleta mikosi kwa jamii. Na Angelo? Alimwacha mchumba wake, Mariana, mahari yake ilipozama baharini, kisha akamtaka Isabella, anayejiandaa kuwa mtawa, ampe mwili wake ili kaka yake Claudio apone. Aliyevunja ahadi ndiye anayeitwa msafi; aliyeitunza anangoja kukatwa kichwa. Sijui tamthilia nyingine iliyouona unafiki huu kwa karibu hivi.

Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 ina huruma zaidi. Kifungu cha 160 kinawachukulia walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakitambulika kama mume na mke, kuwa wameoana. Dhana hiyo ikikanushwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Na kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa.

Wachungaji na mapadre wetu, kabla hamjamtenga binti, waulizeni kwanza wazazi wake ni ng'ombe wangapi wanaowasubiri.