Ng'ombe wa Kupokezana

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za ng'ombe. Si ng'ombe wa mahari, wala wa mnadani, bali ng'ombe apewaye mtu maskini kwa sharti moja, kwamba mtamba wake wa kwanza si mali yake. Hana budi kumlea hata apate nguvu, kisha ampe mwenziwe aliye na dhiki kama yeye alivyokuwa. Katika Tanzania watu huuita mpango huu "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", na wengi wenu mmepata kulisikia jina hilo. Walakini waijuao asili yake ni wachache, na waijuao taabu yake ni wale tu waliokwisha kukata majani alfajiri.

Asili ya jambo hili ni vita. Mwaka 1936 watu wa Hispania walianza kupigana wao kwa wao, na wanawake na watoto wengi wakakimbia makwao. Miongoni mwa watu waliokwenda kuwasaidia alikuwako Mmarekani mmoja, jina lake Dan West, mkulima aliyepata pia kuwa mwalimu. Yeye alikuwa wa Church of the Brethren, yaani Kanisa la Ndugu, ambalo tangu kale hufundisha watu wake wasishike silaha. Huko Hispania alipewa kazi ya kugawa chakula, na watoto walipimiwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji. Maziwa hayakutosha. Kikombe alichokunywa mtoto asubuhi kilikuwa kimekwisha kazi yake kabla ya jioni, na kesho yake mtoto yule yule alikuwa amesimama tena mahali pale pale. West, kwa kuwa alikuwa mkulima, alijiuliza swali la mkulima: hawa nao ni watu wa shamba, na majani yapo, mbona hatuwapi ng'ombe?

Aliporudi kwao Indiana mwaka 1938 alianza kuwashawishi wakulima wenzake kila mmoja alee mtamba kwa ajili ya watu asiowajua. Haikuwa kazi ya siku moja. Kundi la kwanza la mitamba, 17 kwa hesabu, lilipelekwa kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1944. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kanisa hilo likashirikiana na shirika la mataifa lililoitwa UNRRA, na meli zikajaa ng'ombe na farasi, zikaenda Poland, Ugiriki na nchi nyingine zilizoharibiwa. Maelfu ya vijana, wakulima, wanafunzi na walimu, walisafiri na wanyama hao baharini, wakiwalisha na kuwanywesha. Mitamba wengine walizaa njiani, katikati ya mawimbi. Nasi tuliozoea kumwita Bwana Mifugo kwa kila jambo twastaajabu jinsi vijana wale walivyoweza.

Tangu mwanzo sharti la kupokezana lilikuwapo, nalo ndilo lililo kubwa kuliko ng'ombe mwenyewe. Kwa nini twasema hivyo, tutaeleza kwa jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa Krismasi, tulikusanya nguo pamoja na wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu, tukazipeleka kijiji cha jirani. Watu walipokea, wakashukuru, nasi tukarudi tukiimba. Lakini baada ya siku chache tuliona kwamba mzee mmoja, aliyekuwa na desturi ya kusimama na kuzungumza nasi kila tulipokutana, sasa hupita njia ya nyuma ya shule. Tulidhani amekasirika. Hakukasirika, alikuwa amevaa koti letu, akaona haya. Tulikuwa tumempa kitu, tukamnyang'anya mazungumzo.

Ng'ombe wa kupokezana hamtendei mtu hivyo, maana ampokeaye leo ni mtoaji wa kesho, na jirani zake wote wajua. Wala jambo hilo si geni kwetu. Katika makabila mengi ya bara, mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa rafiki zake. Mtunzaji hunywa maziwa, na urafiki hukua. Wanyarwanda nao tangu kale hufunga urafiki kwa kupeana ng'ombe, na mwaka 2006 serikali ya Rwanda iliweka mpango uitwao Girinka, wa kuipa kila nyumba maskini ng'ombe mmoja, ambao nao humtaka mpokeaji kumpa jirani yake ndama jike wa kwanza.

Shirika lile la Dan West, ambalo sasa huitwa Heifer International, lilianza kazi Tanzania mwaka 1974. Uganda habari ilikuwa nyingine. Mwaka 1988 wakulima Wakristo wa Uingereza, wakiitikia ombi lililotoka katika kanisa la Uganda baada ya miaka ya vita, waliwapandisha mitamba wao katika ndege, wakawapeleka. Twakiri kwamba tuliposikia habari hiyo mara ya kwanza tulicheka, ng'ombe kupanda ndege! Shirika lao waliliita Send a Cow. Lakini mwaka 1996, kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe, Uingereza ilikatazwa kupeleka ng'ombe wake nchi za nje, ikawapasa kununua wanyama hapa hapa Afrika. Kwa maoni yetu katazo lile lilikuwa baraka. Fedha zilibaki kwa wafugaji wa Kiafrika, na mnyama alifika kwa mpokeaji akiwa amekwisha kulijua jua letu na kupe wetu. Tangu mwaka 2022 shirika hilo limebadili jina, laitwa Ripple Effect.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Ng'ombe wetu wa asili huvumilia sana, lakini maziwa yake mara nyingi ni lita moja au mbili tu kwa siku. Ng'ombe aliyechanganywa damu na wa Ulaya, akitunzwa vema, aweza kutoa lita sita hata kumi. Hapo pa "akitunzwa vema" ndipo penye shughuli. Hachungwi ovyo, bali hukaa bandani na kuletewa chakula. Kwa siku hula majani mabichi kama sehemu ya kumi ya uzito wake au zaidi. Yaani ng'ombe wa kilo 400 ataka kilo 40 za matete, na akiwa na maziwa hutaka zaidi, pamoja na ndoo nyingi za maji. Hesabu hiyo mtu aifanye kabla ya kushangilia. Tena kupe huleta ndigana kali, ambayo aweza kumwua mnyama wa damu ya kigeni kwa siku chache. Basi dawa ya kuogesha haiahirishwi kwa sababu ya arusi wala msiba. Naye ndama apaswa kunywa dang'a mara azaliwapo, kwa kuwa humo imo kinga yake. Wako watu waliokamua dang'a kwa ajili ya nyumba, wakamzika ndama.

Kwa ajili hiyo mpango mwema hautoi ng'ombe kwanza. Hutaka mtu apande matete, ajenge banda lenye sakafu na paa, ahudhurie mafundisho, ndipo apewe. Malipo yake hayako katika maziwa tu. Wakulima wa Kagera hutia samadi kwenye migomba, na wengi watakuambia kwamba ndizi ndizo zilizowashangaza.

Hatusemi kwamba mambo yote ni mazuri. Mtu asiye na shamba hawezi kumlisha ng'ombe, naye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote. Afadhali apewe mbuzi au kuku kuliko mnyama atakayemfilisi. Tena mara nyingi ng'ombe huandikwa kwa jina la mume, na majani hukatwa na mke. Viongozi wa makanisa wangeliangalia jambo hili kabla ya kupiga picha siku ya sherehe.

Iko na shida nyingine, ambayo Mungu ameiweka mwenyewe: ndama hazaliwi jike kwa amri ya kamati. Karibu na chuo chetu yuko mama mjane aliyepewa mtamba mwenye mimba na kikundi cha kanisa. Akazaa dume. Mwaka uliofuata akazaa dume tena. Jirani yake, aliyekuwa wa pili katika orodha, alikuwa amekwisha kujenga banda, na matete yake yamekomaa mpaka yamekuwa miti. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama amezaliwa majike, akawauza usiku. Mama akatujia chuoni jioni moja, akasimama mlangoni.

"Karibu, Mama," tukamwambia.

"Sikai, walimu wangu. Nataka daftari."

Tulimpa daftari la shule, na kwa ombi lake tukamwandikia tarehe ya kila uzao, dume au jike. Akalipeleka kwa mwenyekiti wa kikundi na kwa Bwana Mifugo, nao wakatia sahihi. Manung'uniko yakapungua, ingawa hayakwisha. Mwaka wa tatu akazaliwa jike. Mama alimlea mtamba yule kwa uangalifu kuliko ng'ombe wake mwenyewe, na alipokomaa na kushika mimba, akamfunga kamba, akampeleka kwa jirani kwa miguu mbele ya watu wote, pamoja na daftari. Akamwonya asimpe majani machanga yenye umande, tumbo lisije likavimba.

Siku ya pili yake, kabla ya jua kuchomoza, tulimwona akipita na panga lake, wala si njia ya shambani kwake. Tukamwuliza aendako. Akasema anakwenda kutazama kama jirani amekwisha kukata majani.