Tela la kwenda shamba: pima gari, pima mzigo, mpime na Bibi

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

Shule zinapofungwa mwezi Juni, nyumba nyingi za Nachingwea hupungua watu. Mikorosho inaanza kutoa machipukizi mapya, unga wa salfa unahitajika, na wenye mashamba upande wa Ruangwa huhamia huko wao, wake zao, watoto na kuku wao. Hukaa wiki kadhaa katika kibanda cha shambani, wakipalilia na kupulizia dawa, kisha hurudi mjini kungoja Oktoba. Zamani uhamaji huo ulikuwa wa miguu na baiskeli. Siku hizi aliyejaaliwa pikapu huibebesha nyumba nzima, na kisichoenea hufungiwa nyuma katika tela.

Mjomba wangu ni mmoja wa waliojaaliwa. Pikapu yake ni ya milango minne, ya ukubwa wa kati, kama zile Hilux, Ranger na D-Max zinazojaa barabara zetu. Mwaka huu aliongeza tela alilochomelewa na fundi mmoja wa mjini: ekseli moja iliyotolewa katika gari dogo la zamani, matairi yaleyale ya gari hilo, bodi ya chuma na mpini mrefu wa kushikia ndoano. Nilipofika kwake baada ya swala ya Ijumaa, nilikuta mzigo umekwisha pangwa, na safari ilikuwa kesho yake baada ya Alfajiri.

“Shikamoo, Mjomba. Mzigo huu wote gari litauweza?”

“Marahaba, mpwa wangu. Fundi amesema linavuta tani mbili na nusu. Hapa hata tani moja na nusu haifiki.”

Fundi hakusema uongo. Kitabu cha gari kinasema hivyohivyo: kilo 2,500. Lakini mstari wa chini yake, ambao hakuna aliyeusoma, unasema kwamba hizo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, kikomo chake ni kilo 750.

Nakiri kwamba mimi nami sikuwahi kuusoma mstari huo kabla ya siku ile. Wengi wetu huuliza swali moja tu tunaponunua gari: linavuta? Nalo huvuta kweli. Injini ya dizeli ya siku hizi ina nguvu ya kung'oa kisiki. Tatizo huanza pale gari linapotakiwa kusimama, kupinda kona, au kuteremka mlima likiwa na mzigo usio na breki unaolisukuma kwa nyuma. Ndiyo maana hata pikapu mpya za aina nilizozitaja, ambazo nyingi hutangazwa kuvuta hadi kilo 3,500, zikifungwa tela lisilo na breki hurudishwa kwenye kilo zilezile 750.

Tukaketi barazani, Mjomba, mkaza mjomba na mimi, tukachukua daftari la mtoto.

Familia nayo ni mzigo

Tulianza na kadi ya gari. Humo mna namba mbili ambazo kila mwenye gari anazo na wachache huzitazama: uzito wa gari likiwa tupu, na uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kuwa nao likiwa na kila kitu. Ya Mjomba ilisema 1,900 na 2,800. Tofauti yake, kilo 900, ndiyo riziki ya gari hilo, na kila kinachopanda humla humo.

“Kila kinachopanda” ni neno pana kuliko tunavyodhani. Ngao ya chuma ya mbele, karia ya juu na ndoano yenyewe, vyote vilifungwa baada ya gari kutoka kiwandani. Tukavikadiria kilo 70. Kisha watu. Mjomba kilo 80. Mkaza mjomba alisita kidogo, akasema 72. Watoto wawili walipimwa kwa mizani ya jirani anayenunua mbaazi: 44 na 30.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Akauliza, “Na mimi mnanipima kama gunia?”

Alipimwa, akicheka, akatoka kilo 54. Jumla ya watu 280, na ukiongeza yale machuma, 350. Kati ya kilo 900 zikabaki 550, na bado hapajapandishwa hata sufuria.

Katika bodi ya pikapu Mjomba alikuwa amepanga pipa la maji la lita 200. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pamoja na pipa lenyewe ni kilo 210. Vyakula vilikuwa kilo 110. Pampu ya kupulizia salfa, majembe na dumu la petroli 60. Jiko, masufuria na mikeka 40. Jumla 420. Zikabaki kilo 130, na Mjomba akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Tela lilikuwa halijaingia hesabuni.

Pua ya tela

Mtu hudhani mzigo wa tela uko juu ya magurudumu ya tela tu. Sehemu yake huikalia ndoano, na kinachoikalia ndoano kinabebwa na gari. Kinahesabiwa ndani ya zile kilo 900 sawasawa na pipa la maji. Kipimo kinachokubalika ni kwamba pua ya tela iikalie ndoano kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Ikizidi sana, mkia wa gari unadidimia, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki. Ikipungua sana, mzigo umelemea nyuma ya ekseli, na tela huanza kutikisika kushoto na kulia kama mkia wa mjusi. Mtikisiko huo ndio unaoua. Huanza kidogo, mara nyingi kwenye mteremko au upepo wa lori linalopishana nawe; dereva asiyeujua hukanyaga breki kwa nguvu, tela likasukuma, na gari likakunjwa kama kisu cha mfukoni.

Tela la Mjomba likiwa tupu lilikuwa kilo 400. Juu yake palikuwa na mifuko 24 ya salfa ya kilo 25, yaani 600. Mifuko sita ya saruji ya kusakafia kibanda, kilo 300. Na vitanda, magodoro na mabati, kilo 100. Jumla 1,400. Tuliirudisha ile mizani ya jirani, tukaweka gogo juu yake na kuitegemeza pua ya tela juu ya gogo, kwenye kimo kilekile cha ndoano na mahali pakiwa tambarare. Mizani ikasoma kilo 45, wakati ilipaswa kukaribia 140. Vijana walikuwa wameipanga saruji yote mwisho wa tela kwa sababu ndiko mlango uliko.

Kuisogeza saruji mbele ni kazi ya dakika kumi. Lakini pua ikifikia kilo 140, na pikapu imebakiwa na 130, gari linapita kikomo kwa kilo 10, bila kuhesabu kuku wa Bibi. Hapo Mjomba aliacha kutabasamu.

Akauliza swali ambalo nadhani kila mwenye pikapu angeuliza: je, fundi akiongeza majani ya springi? Springi ngumu huinua mkia wa gari ulioinama, na gari likaonekana limesimama sawa. Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, chasisi ni ileile. Kikomo kilichoandikwa kwenye kadi hakibadiliki kwa sababu gari limeacha kuinama. Kilichobadilika ni kwamba sasa huoni tena dalili ya kuzidisha.

Matairi nayo yana lugha yake. Ubavuni, baada ya vipimo vya ukubwa, huandikwa namba ya uwezo wa kubeba. Yale ya tela yaliandikwa 84, ambayo maana yake ni kilo 500 kwa tairi moja likiwa limejazwa upepo ipasavyo. Mawili ni kilo 1,000. Mjomba alikuwa anataka kuyawekea zaidi ya 1,200 kwenye vumbi na mashimo, mchana wa jua.

Namba zilizoandikwa kwa ajili ya nani?

Katika wilaya zetu neno “mizani” lina uzito wake, kwa maana zote mbili. Mkulima wa Nachingwea, Ruangwa au Liwale hukesha akisubiri mizani ya chama cha msingi, na gramu zikipunjwa anajua na analalamika. Kwenye barabara kuu ziko mizani za TANROADS, na kuna Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayoshughulika na magari ya kuanzia kilo 3,500. Mizani hizo ziliwekwa ili malori yasivunje barabara. Hazikuwekwa ili kulinda breki za pikapu ya familia. Ukitoka Nachingwea kwenda shamba la Ruangwa umezidisha kilo 500, huenda asikusimamishe mtu yeyote, na ndiyo sababu kazi ya kupima inamwangukia baba mwenye nyumba.

Bara letu si la kwanza kukosea hapa. Marekani na Australia familia huvuta tela lililo nyumba kamili, lenye vitanda, jiko na tangi la maji, na kosa lao ni hilihili: huuliza gari linavuta kiasi gani, wakasahau linabeba kiasi gani. Na sisi wa Nachingwea tunayo historia yetu. Mtaa unaoitwa Stesheni hauna treni. Reli ya kutoka Mtwara ililetwa hapa kwa ajili ya ule Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951; mzigo uliotarajiwa haukutokea, na miaka ya 1960 ilipoanza reli nayo ikafungwa. Wao walikuwa na chombo kikubwa kisicho na mzigo. Mjomba alikuwa na mzigo mkubwa usio na chombo.

Safari mbili

Mkaza mjomba ndiye aliyepata ufumbuzi. Aliichukua kalamu, akauliza ni nini hasa kinachohitajika wiki ya kwanza. Saruji haihitajiki, kibanda kimesimama miaka minne bila sakafu. Salfa yote haihitajiki. Mwenye pampu moja hamalizi mifuko 24 kwa siku saba.

Basi tela likabaki na vitanda, magodoro, mabati na mifuko tisa ya salfa: kilo 725 pamoja na uzito wake. Pua, baada ya kupanga upya, ilisoma 72. Pikapu ikawa na 350 za watu na machuma, 420 za bodi na hizo 72, jumla 842 kati ya 900. Zilizosalia zilitosha kuku.

Iliyobaki ilikuwa mifuko 15 ya salfa na sita ya saruji, kilo 675. Mjomba alikuwa akinung'unika juu ya mafuta ya safari ya pili mpaka tulipofanya hesabu ya mwisho. Akienda peke yake, bila familia, gari lina yeye kilo 80 na machuma 70. Ukiongeza 675 unapata 825. Mzigo wote uliobaki unaingia kwenye bodi ya pikapu, na tela halina haja ya kuondoka nyumbani.

Oktoba ni habari nyingine. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, na tela lile bila breki haliwezi kuchukua zaidi ya magunia manne. Mjomba ameamua kulirudisha kwa fundi litiwe breki za kusukumwa: gari linapopunguza mwendo, tela hulisukuma kwa mpini, na msukumo huohuo ndio unaozibana breki za tela. Matairi yatabadilishwa kwa yenye namba 98, yaani kilo 750 kila moja. Hapo litaweza magunia 12, ikiwa ekseli itakaguliwa na kuonekana inafaa, na ikiwa kile kitakachoikalia ndoano kitapunguzwa katika bodi ya pikapu. Ipo namba nyingine tena kitabuni, ya uzito wa gari na tela kwa pamoja; ya Mjomba ni kilo 4,750, chini ya jumla ya vile vikomo viwili. Yaani gari lililojaa kabisa halivuti tena tani mbili na nusu, hata tela likiwa na breki.

Jumamosi waliondoka jua likichomoza, mwendo wa taratibu, watoto wakiwa wamekaa ndani, si juu ya magodoro kama walivyotaka. Mjomba alinipigia simu kabla ya adhuhuri. Tela halikutikisika, alisema, isipokuwa mahali pamoja kwenye mteremko, naye aliachia mafuta polepole kama tulivyokubaliana, likatulia. Kisha akampa Bibi simu, naye akataka kujua kama gazeti litaandika kilo zake.