Malkia Asiyetawala: Uzazi na Ishara katika Jamii za Mchwa na Siafu wa Masisi na Walikale

Katika Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, mvua zinaporejea baada ya kiangazi kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Watu huwakusanya penye taa na kuwakaanga. Kiswahili kimewapa jina la peke yao na kuwatenga na mchwa, ingawa ni wadudu wa kichuguu kimoja, tena ndugu wa tumbo moja. Mtengano huo wa majina una hekima yake, kwani unafuata mpaka wa uzazi: kumbikumbi wana mabawa na huzaa, ilhali mchwa watenda kazi na askari hawazai. Jina lenye matatizo ni lile la "malkia".

Matatizo yenyewe ni ya kale. Aristotle alimwita kiongozi wa nyuki "mfalme", na ni katika karne ya 17 ndipo Mholanzi Jan Swammerdam alipompasua na kumkuta na ovari. Jinsia ikasahihishwa, utawala ukabaki.

Yafaa basi kumtazama malkia wa mchwa jinsi alivyo. Baada ya kuruka, kumbikumbi jike hudondosha mabawa yake na kumwita dume kwa harufu. Dume humfuata nyuma hatua kwa hatua hadi wajichimbie chumba na kujifungia humo. Tofauti na dume la nyuki, ambalo hufa mara baada ya kujamiiana, dume la mchwa hukaa na mwenzake maisha yote. Tumbo la jike hufura hata asiweze kutembea, na kwa mchwa wa jenasi ya Macrotermes, wajengao vichuguu vikubwa, hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Hulishwa, hulambwa, hubebewa mayai yake. Ni vigumu kuona utawala uko wapi.

Kwa nini basi wengine wanakubali utasa? Jibu lililokubalika zaidi lilitolewa na W. D. Hamilton mwaka 1964: jeni huweza kuenea kupitia watoto wa mtu mwenyewe au kupitia jamaa zake. Pale ambapo baba ni mmoja na mama ni mmoja, ndugu hushirikiana kwa wastani nusu ya jeni zao, sawasawa na mzazi na mwanawe. Anayemlea mdogo wake hapati hasara katika hesabu hiyo, mradi kichuguu kiwalee wadogo hao vizuri kuliko ambavyo angewalea wanawe akiwa peke yake. Mwaka 2008 Hughes na wenzake walionyesha kwamba jamii za nyuki, nyigu na sisimizi nazo zilianza kwa mama aliyejamiiana na dume mmoja tu.

Kuhusu ishara, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa harufu ya malkia, yaani feromoni, huwalazimisha watenda kazi wasizae. Mwaka 1993 Keller na Nonacs waliipinga fikra hiyo: harufu ni taarifa kwamba mama yupo na anazaa, na anayeisikia huacha kuzaa kwa manufaa yake mwenyewe. Ishara hiyo huaminika kwa sababu mtoaji na mpokeaji wana maslahi ya pamoja. Wanyama washindanao hawana dhamana hiyo. Gorila dume, kama wale wa misitu ya Walikale, hupiga kifua mbele ya washindani wake. Uchunguzi uliofanywa Rwanda na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kadiri dume wa gorila wa milimani anavyokuwa mkubwa, ndivyo mlio wake unavyokuwa mzito. Hapo ukweli hulindwa na maumbile.

Hata hivyo, siafu huitia hesabu ya Hamilton katika mtihani. Malkia wao hana mabawa na hujamiiana na madume wengi. (Dume mwenyewe, mnene na mwenye mabawa, hugonga taa usiku, na wengi hawamtambui kuwa ni siafu.) Baba wakiwa wengi, undugu hupungua na kukaribia robo. Lakini uwingi huo wa baba ulizuka baadaye, pale watenda kazi walipokwisha kupoteza uwezo wa kujamiiana; njia ya kurudi ilikuwa imefungwa.

Kinachotokea malkia anapokufa kilielezwa na Kronauer na wenzake mwaka 2010, katika utafiti kuhusu siafu wa spishi ya Dorylus molestus. Mayai ya watenda kazi huweza kutoa madume tu, tena kwa shida. Aghalabu mayatima hao hawang'ang'anii kuzaa, bali huhamia kwa majirani, mara nyingi wasio ndugu zao wa karibu, nao hupokewa bila vita. Muda si mrefu harufu za makundi mawili huchanganyika zikawa moja.