Umri wa cherehani si bei yake

WARUNDI wapatao nusu milioni walirejea nchini kati ya mwaka 2002 na 2009, wengi wao wakitoka Tanzania. Wale waliokimbia mwaka 1972 mara nyingi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Shamba lenye mgogoro linataka hati, mashahidi na subira ya miaka. Cherehani inataka baraza, kiti na mteja wa kwanza. Ndiyo maana katika mizigo ya waliorejea, pamoja na magodoro na masufuria, ilionekana pia cherehani ya mkono ndani ya sanduku lake la mbao.

Sisi tuliosomea kambini mkoani Kigoma tunazifahamu mashine hizo hata kwa sauti. Umeme haukuwapo, na kaptula zetu zilitiwa viraka kwa nguvu ya mkono. Ukizungusha mpini mara moja, sindano hushuka mara tatu hivi. Fundi hutumia mkono mmoja kuzungusha na mwingine kuongoza kitambaa.

Leo mashine hizi, hasa Singer za zamani, zinatafutwa na watu wa aina mbili: fundi anayetaka kazi na mtu anayezikusanya kwa kupenda vitu vya kale. Katikati yao yuko mfanyabiashara wa mpakani. Tatizo ni bei. Muuzaji mmoja ataipandisha kwa sababu mashine ni ya kale, na mwingine ataitoa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ina vumbi. Wote wawili hawajaifungua. Kwa aliyerejea na mtaji mmoja tu, kununua kwa namna hiyo ni kuuweka mtaji wote rehani.

Zilitengenezwa kwa mamilioni

Ndugu msomaji, anza na hili: uzee peke yake hauifanyi cherehani kuwa adimu. Kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kabla ya vita ya 1914 kilikuwa kikitoa mashine zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Herufi K katika jina la aina, kama 15K, 28K au 99K, inatokana na Kilbowie, mahali kiwanda hicho kilipojengwa.

Umri wenyewe unasomeka. Tazama upande wa kulia wa kitako, karibu na gurudumu, utaona namba iliyochorwa kwenye chuma. Namba isiyo na herufi mbele ni ya kabla ya mwaka 1900. Herufi moja ni ya miaka iliyofuata. Herufi mbili zinazoanza na E, kama EB au EF, ni za Clydebank kuanzia mwaka 1935.

Ujihadhari na beji ndogo yenye maneno ya Kiingereza na miaka 1851 na 1951. Muuzaji atakuonyesha 1851 na kuapa kwamba mashine ina zaidi ya miaka mia na sabini. Sivyo. Kampuni ilihesabu miaka yake mia tangu 1851, na beji hiyo ilibandikwa kwenye mashine za wakati wa sherehe hiyo. Ni pambo zuri, nazo ziko nyingi.

Uvumi wa zebaki nyekundu

Upo uongo mkubwa kuliko huo. Aprili 2009 nchini Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba ndani ya Singer za zamani kuna zebaki nyekundu, kitu kinachodaiwa kuwa na nguvu za ajabu. Watu waliambiwa waweke simu ya mkononi karibu na sindano: laini ikikatika, zebaki imo. Magazeti yaliandika bei za hadi riali 200,000 kwa mashine moja, na polisi wakaanza kuchunguza.

Ndani ya cherehani kuna chuma, mafuta na vumbi la pamba. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo popote. Simu hukatika kwa sababu zake yenyewe, na sisi wakazi wa mpakani, ambao simu zetu hurukaruka kati ya mitandao ya nchi mbili, tunalijua hilo kuliko watu wengine. Akija mtu na simu mkononi kupima cherehani yako, mfungie mlango. Na ukiombwa uchange fedha ili mashine ipelekwe kwa tajiri wa mbali, basi mali inayowindwa ni huo mchango wako.

Tazama shato kwanza

Bei ya kweli iko chini ya sindano. Telezesha vibati vinavyong'aa, utazame shato, yaani kijumba kinachobeba bobini. Hapo utajua kama mashine itakulisha au itakufunga.

Katika 28K na 128K, shato ni ndefu kama risasi na bobini yake ni nyembamba kama kijiti chenye vichwa viwili. Bobini za duara za dukani haziingii. Mashine hizi hushona vizuri sana, lakini zikiuzwa bila shato na bobini zake, punguza bei au uondoke. Vipuri hivyo bado vinatengenezwa, ila si kila duka la vifungo linaviweka.

Katika 99K, bobini ni ya duara na hudumbukizwa kutoka juu. Katika 15K, huwekwa ndani ya shato ya duara inayoingizwa ubavuni, upande wa kushoto. Bobini za mashine hizi mbili hufanana kama mapacha, lakini si moja: ya 99K ina nyuso zilizobinuka kidogo, ya 15K ni bapa. Ukizibadilisha, uzi utajisokota na utailaumu mashine bure.

Aina ya 15 ndiyo rahisi kuhudumia, kwa sababu mashine za Kichina za Butterfly, zilizoenea kote Afrika Mashariki, zimefuata muundo wake. Bobini na shato zake utazipata kwa mafundi wa Buyenzi na katika soko lolote lenye washonaji.

Sindano nayo isisahauliwe. Aina zote nilizotaja hutumia sindano ya kawaida ya nyumbani, ambayo pakiti yake huandikwa 15x1, HAx1 au 130/705 H. Lakini Singer aina ya 12, iliyoanza mwaka 1865, hutumia sindano yake ya pekee ambayo ni shida kuipata. Kitako chake kina kiuno kama gitaa. Ukiona umbo hilo, uliza sindano kwanza. Bila sindano, hiyo ni mali ya mkusanyaji. Fundi hana kazi nayo.

Ijaribu kwa kaki

Usikubali kuonyeshwa mshono juu ya kitambaa chepesi. Beba kipande cha kaki ya sare za shule. Kikunje kama upindo, ushone mpaka upite pale kitambaa kinapokutana na mshono mwingine. Kila mwalimu anajua kwamba mwezi wa Septemba fundi anaishi kwa kaki. Kisha geuza kitambaa: mshono wa chini ulingane na wa juu, bila vitanzi. Sikiliza pia. Mlio laini ni heri. Kugonga kwa chuma ni dalili ya kitu kilicholegea au kulika.

Mashine iliyokwama isikutishe mara moja. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Mafuta ya taa kidogo kwenye viungo huyalainisha, kisha hufuata mafuta halisi ya cherehani. Mafuta ya mawese au ya kupikia hugeuka gundi. Spiriti nayo usiisogeze kwenye rangi, maana huondoa vanishi pamoja na maua ya dhahabu ambayo mkusanyaji anayalipia.

Na ukikutana na Singer ndogo nyeusi, nyepesi, yenye meza inayokunjwa upande wa kushoto, usiitoe kwa bei ya chakavu. Huenda ni aina ya 221, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1933. Mwili wake ni wa alumini, uzito kama kilo 5, na wakusanyaji wa Marekani na Uingereza wanaipenda mno. Lakini hutumia umeme. Soma kibati cha mota: iliyoandikwa volti 110 itaungua kwenye umeme wetu. Kwa fundi wa kijiji kisicho na nyaya, 99K yenye mpini ina faida zaidi.

Mpakani

Mwisho, forodha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasamehe ushuru vyombo vya nyumbani ambavyo mtu anayehama makazi alikuwa akivitumia. Cherehani yako moja uliyoishonea huko ulikotoka ni chombo cha nyumbani. Sita ni biashara. Na cheti rahisi cha uasili, kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Cherehani ya Scotland au ya China haimo, hata kama umeinunua Kigoma. Itangaze ilivyo na udai risiti.

Kwa mfanyabiashara anayetafuta faida ya kudumu, ushauri wangu ni huu: pamoja na mashine, beba bobini ndefu za 28K, shato na sindano. Cherehani huuzwa mara moja. Anayeinunua atakuja kutafuta bobini kwa miaka ishirini, na atakuja na kaki ya watoto wetu mkononi.