Udongo Unaotoka Chini ya Mji: Maelezo kwa Kaya Zinazoishi Karibu na Uchimbaji wa Njia Mpya za Tunnelbana

Tangu yafikiwe mapatano ya mwaka 2013 ya kurefusha reli ya chini ya ardhi, wakazi wa sehemu kadhaa za Stockholm wamezoea kuyaona malori yakipanda kutoka mahandakini: upande wa Akalla na Barkarby, upande wa Odenplan na Arenastaden, na kutoka Kungsträdgården kuelekea Nacka na kusini mwa jiji. Swali linaloulizwa majumbani ni lile lile: mzigo ule ni nini, nao una madhara gani kwa watoto?

Jawabu linataka kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho huonekana kimoja. Cha kwanza ni mwamba. Jiji limesimama juu ya miamba migumu sana, na sehemu kubwa ya mahandaki hutobolewa na kulipuliwa humo kwa baruti. Kituo cha Sofia kiko kiasi cha mita 100 chini ya ardhi. Mwamba wa kina hicho haujapata kuguswa na kiwanda chochote, na aghalabu husagwa ukawa kokoto za barabara. Hubeba hata hivyo mabaki ya naitrojeni kutoka kwenye baruti, ndiyo maana maji ya handakini hutuamishwa tope na kutengwa na mafuta kabla ya kuruhusiwa kutoka. Mwamba wenye madini ya salfaidi nao huwekwa mbali na mvua, kwa kuwa ukikutana na hewa na maji huzaa tindikali.

Cha pili ni udongo wa juu, unaochimbwa ili kufungua milango ya vituo na mashimo ya hewa. Huu ndio wa kuangaliwa. Kwa zaidi ya karne moja mabonde ya jiji yalijazwa majivu, matofali yaliyovunjika, lami na takataka za karakana. Mtambo wa gesi wa Hjorthagen ulianza kazi mwaka 1893 ukakoma kuzalisha gesi mwaka 2011. Ardhi yake iliachwa na lami ya makaa ya mawe, benzini na sianidi, na ilibidi isafishwe kwanza ndipo nyumba zijengwe. Huko Tullinge, manispaa ya Botkyrka ilifunga mtambo wake wa maji mwaka 2011 baada ya kukutwa kemikali za PFAS zilizotoka katika povu la kuzimia moto kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi wa zamani. Uchafu kama PFAS hauna harufu wala rangi, na jicho la mkulima hodari haliwezi kuutambua.

Kwa hiyo hupimwa. Sheria ya mazingira ya Sweden, Miljöbalken, iliyoanza kutumika mwaka 1999, humtaka anayegundua uchafu ardhini aiarifu mamlaka ya usimamizi bila kuchelewa. Sampuli hupelekwa maabara, na udongo hupangwa madaraja. Kwa arseniki, kiwango elekezi cha ardhi ya makazi ni miligramu 10 kwa kila kilo ya udongo kavu. Kwa ardhi ya viwanda na ofisi ni 25. Hesabu ya makazi imefanywa kwa kumfikiria mtoto anayekua mahali hapo, anayetia vidole vyenye udongo kinywani na kula mboga za bustani hiyo hiyo. Kuvuka 10 kidogo si kusema kwamba mtu ameshalishwa sumu. Udongo uliozidi sana huhesabiwa kuwa taka hatari, hubebwa na mwenye kibali tu, na safari yake huandikwa.

Wenye mashaka na utaratibu huu wana sababu. Mwaka 1997, katika handaki la reli la Hallandsås kusini mwa nchi, dawa ya kuzibia nyufa iitwayo Rhoca-Gil haikuganda yote kama ilivyotarajiwa. Akrilamaidi ikavuja ndani ya kijito, samaki wakafa, ng'ombe walioyanywa maji wakapooza, na wafanyakazi wakapatwa na ganzi mikononi na miguuni. Kazi ilisimamishwa, na treni hazikupita humo mpaka Desemba 2015. Jambo la kukumbuka ni kwamba hatari ilitambuliwa na watu wa kawaida: wafugaji waliowatazama ng'ombe wao. Taarifa ya jirani si usumbufu kwa ofisi.

Nyumbani, njia kuu ya uchafu ni mkono na kiatu. Viatu vivuliwe mlangoni, desturi ambayo kaya nyingi zinayo tayari, na sakafu ipigwe deki kwa maji, maana kufagia pakavu hurusha vumbi. Watoto wanawe kabla ya kula. Kifusi hakifai kuwa uwanja wa michezo hata kama uzio umeanguka.

Mwenye kijibustani asipokee udongo wa bure kutoka eneo la ujenzi pasipo karatasi za vipimo, hata ukiwa mweusi na wenye rutuba. Penye shaka, mchicha, sukumawiki na karoti zipandwe katika makasha yenye udongo ulionunuliwa, na mboga zioshwe vizuri. Kuchemsha hakuondoi madini ya risasi.

Lipo pia jambo lisemwalo kwa sauti ya chini. Wajawazito wengi wa Afrika Mashariki na Kongo hula udongo: pemba kwa wengine, mabele kwa wengine. Si aibu, na kiu yake wakati mwingine hutokana na upungufu wa damu, unaotibika. Lakini udongo wa kula, hata ule uliookwa na kuuzwa dukani, unaweza kuwa na risasi, nayo humfikia mtoto tumboni. Mamlaka ya Chakula ya Sweden, Livsmedelsverket, huwashauri wajawazito wauache. Mkunga akielezwa hatashangaa, atapima damu. Waliofuatilia kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua jinsi madini hayo yanavyoathiri akili za watoto.

Vumbi jingi, maji yenye rangi ngeni au lori linalomwaga udongo njiani viripotiwe kwa idara ya mazingira ya manispaa. Mjini Stockholm ni Miljöförvaltningen. Ushauri wa afya hupatikana kwa simu 1177. Mtoto aliyemeza kitu kinachodhaniwa kuwa sumu apigiwe simu 112, na anayepiga aseme neno moja: Giftinformation. Miadi ya kliniki inapowekwa, mgonjwa aombe mkalimani wa Kiswahili mapema, ili mtoto wake asilazimike kuifanya kazi hiyo.