Je, Wajua? Homoni ya Hofu Huvikwa Kabla ya Kupimwa

Je, wajua kwamba adrenalini, inayoupeleka moyo mbio ukishtuka, hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo? Mkemia Mjapani, Jokichi Takamine, alitangaza mwaka 1901 kwamba ameitenga, akiwa New York. Adrenalini na ndugu zake, noradrenalini na dopamini, huitwa katekolamini.

Je, wajua kwamba katekolamini hazipiti zenyewe kwenye mashine ya kromatografia ya gesi? Humo sampuli hugeuzwa mvuke, ikasukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba wa makumi ya mita, na kila kemikali hutoka kwa wakati wake. Katekolamini hugoma: haidrojeni zilizo kwenye oksijeni na nitrojeni zake hung'ang'ania molekuli jirani na kuta za mrija. Ukizidisha joto, zinaharibika kabla hazijawa mvuke.

Je, wajua kwamba dawa ya ukaidi huo ni kuzivika? Mkemia huziondoa haidrojeni hizo na kuweka mahali pake kikundi cha silikoni chenye methili tatu. Kila kikundi huongeza uzito wa molekuli kwa 72. Dopamini yenye uzito wa 153 ikivikwa vikundi vitatu hufikia 369, na bado huwa mvuke kwa urahisi kuliko ilipokuwa nyepesi, kwa sababu haina tena cha kung'ang'ania.

Je, wajua kwamba tone la maji huiharibu kazi yote? Maji huivamia kemikali ya kuvikia, tena huweza kuvua kilichokwisha kuvikwa. Ndiyo maana sampuli hukaushwa kwa mkondo wa nitrojeni, kichupa kikafungwa barabara, kisha kikapashwa moto.

Je, wajua kwamba vazi laweza pia kuifanya molekuli ionekane? Anhidridi ya asidi ya pentafluoropropioniki huiachia dopamini atomi 15 za florini. Florini hupenda elektroni, na kipimo cha kunasa elektroni alichobuni Mwingereza James Lovelock mwaka 1957 huzigundua molekuli zenye florini hata zikiwa chache mno. Kipimo hichohicho ndicho kilichofichua mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT kila pembe ya dunia.

Je, wajua kwamba mkojo wa saa 24 waweza kueleza chanzo cha shinikizo la damu? Uvimbe wa tezi ya adrenali uitwao feokromositoma humwaga katekolamini nyingi mwilini, nazo, pamoja na mabaki yake, hutoka na mkojo. Siku hizi maabara nyingi hutumia kromatografia ya kimiminika, isiyolazimisha kuvika. Lakini katekolamini huharibiwa upesi na hewa, kwa hiyo mara nyingi chupa ya kukusanyia huwekwa asidi. Ukipewa chupa hiyo, usiimwage asidi wala kuiosha chupa: ndiyo inayokulindia majibu yako.